Juu ya Kulabu

Waingereza, mtu akingoja jambo linalomnyima usingizi,
husema yuko juu ya kulabu.
Muulize karani wa Halifax ni kulabu gani,
atatazama dari kana kwamba zimo humo.
Wengine huukosea msemo, hutamka kulabu laini,
kama za kutundikia taulo la mtoto.

Hazikuwa laini. Nimeiona moja,
chuma kilichopinda kama kidole kinachoita mtu,
kutu imeila hadi unene wa mwiba wa samaki,
ncha bado ina nia.

Aliyesema kwanza hakuandikwa popote.
Basi namtunga, nampa jina: Thomasin Uttley,
vidole vimevimba kwa baridi,
mke wa Jabez, mfumaji wa ghorofani.

Wiki tatu kitanda cha mfumi kiligonga.
Mtoto alilala kwa mlio wake;
kikinyamaza, anaamka.
Kisha kitambaa kikateremshwa kinuni,
kikalowekwa mkojo uliochacha,
mkojo wa kijiji kizima, wa kasisi pia,
nyundo za mti zikakiponda
mpaka nyuzi zikasahau kuwa zilikuwa nyuzi.
Kikarudi kimenywea, kizito, kinanuka zizi.

Sufu ikilowa hurudi nyuma
kama shahidi mbele ya hakimu.
Ndipo huwambwa.
Mlimani, kiunzi kirefu, ua lisilozunguka kitu,
kulabu juu, kulabu chini,
Jabez anavuta huku, Thomasin kule,
kama tunavyowamba ngozi ya ngoma,
ila hii haitalia.

Yadi kumi na saba na nusu.
Mnunuzi aliagiza kumi na nane.

Hawakusemezana.
Jabez aliitazama kulabu ya mbele, iliyobaki tupu,
akakaza goti kwenye nguzo, akavuta.
Kitambaa kikatoa sauti ndogo
ya mtu anayemeza mate.
Kikafika.

Usiku Jabez alikwenda kulinda,
maana huko mwizi wa kitambaa alikatwa kichwa.
Thomasin alibaki dirishani na utambi wa mafuta ya kondoo.
Mvua ikinyesha, sufu itanywea, itachanika ukingoni.
Isiponyesha, mkaguzi atakuja
na lakiri yake ya risasi, na ufito wake wa kupimia,
na ufito hauna watoto.
Aliomba mvua. Akaomba isinyeshe.
Akaona haya kumsumbua Mungu kwa maneno mawili.

Alfajiri Mercy Crabtree akaja kuomba kaa la moto.
"Umelala?"
Thomasin akaelekeza kidevu mlimani.
"Niko pale," akasema. "Kulabu ya mwisho."

Mercy akacheka,
na kicheko ndicho kilicholibeba neno.
Alilisimulia kisimani, akalisimulia penye tanuri la mikate,
akiiga sauti, akiongeza kidevu.
Likateremka sokoni na farasi wa mizigo,
njiani likadondosha jina la mwenyewe,
jina la mume, na ile nusu yadi.

Kama mkaguzi alipima, sikuambii.
Namtunga mimi, na bado sijaamua.
Najua tu kwamba jua lilitoka,
kitambaa kikafuka mvuke mlima mzima,
na mke na mume walisimama, kila mmoja upande wake,
hakuna aliyethubutu kukigusa.

Viunzi vilikwisha kuwa kuni.
Kinu sasa ni nyumba za kupanga zenye vioo vikubwa.
Kulabu zimebaki vinywani:
anazo mgonjwa anayesubiri simu ya daktari,
anazo msichana aliyekwisha tuma barua ya kazi.

Nasi? Sisi husema roho iko juu,
tukaishia hapo.
Hatusemi imeangikwa wapi,
wala nani ameivuta
nusu yadi zaidi ya ilivyofumwa.